Sabuni Inayong'aa Nje

Kisaka, Jumatano. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na moyo wangu hautulii.

Jana nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Ilikuwa zamu yangu kupika sabuni ya kikundi cha akina mama. Duka la kijiji halijaona sabuni tangu tuhamie hapa kwenye ujamaa, kwa hiyo tunajipikia kwa mafuta ya ng'ombe na maji ya majivu. Mafuta yalikuwa machache. Nikaongeza uji wa muhogo ili sufuria ijae. Sabuni ikawa laini mno, nikatia chumvi nyingi, ikashika. Ujanja mwingi mbele kiza, na mimi nilijiona fundi.

Leo tumeitoa kwenye makopo. Ngumu, nyeupe, inang'aa. Mama Ghati, mwenyekiti wetu, akaipapasa akicheka: "Mama Boke, hii ni ya dukani kabisa!" Akaamua kipande cha kwanza kiende kesho kwa Nyangi, aliyejifungua Jumapili, amwogeshee mtoto. Wenzangu wakapiga vigelegele. Nami nikapiga, mnafiki mkubwa.

Nilirudi nyumbani na vipande viwili, fungu langu. Nikakigusa kimoja kwa ulimi, kama mama alivyonifundisha kupima ukali wa majivu. Nje hakiunguzi. Nikakivunja katikati. Ndani kuna vishimo vya majimaji, na hapo ulimi uliungua hadi machozi yakanitoka. Uji ulikuwa mzito, ukayafungia maji ya majivu kabla hayajachanganyika na mafuta. Chumvi imekaza ganda tu.

Labda ni kipande hiki peke yake.

Nimejiambia hivyo alasiri nzima. Naogopa aibu, sifichi. Mafuta yale tulichanga wote, wengine wakabaki wanakula mboga za kuchemsha. Nikisema, nitaitwa mharibifu, na sijui kama nitaruhusiwa kuikaribia sufuria tena.

Jioni nilikichukua kile kipande cha pili, kizima, nikamvua nguo Boke wangu, ambaye hata miaka miwili hajatimiza. Nikalowesha sabuni. Mkono ukagoma. Nikamwogesha kwa maji matupu, naye akacheka tu, hajui lolote.

Basi nimejijibu mwenyewe. Kesho kabla hawajatoka kwenda kwa Nyangi, nitakuwa nimepiga hodi kwa Mama Ghati. Akinifukuza jikoni, anifukuze.