Printa Imekataa, Barua Naipeleka

Mwanasaumu mwanangu,

Wali umo sufuriani, upashe moto. Waya wa printa mpya usiuguse.

Ulipoondoka kwenda kazini niliuchomeka kama ulivyoniagiza, lakini karatasi haikutoka. Nikamwita Rama, jirani yetu. Akahangaika weee, mwisho akasema, "Mzee, kompyuta haiioni printa hii." Akenda zake.

Maombi yako ya chuo mwisho ni leo saa sita. ~~Ungenifundisha jana~~ Si kosa lako. Nimeketi mbele ya kompyuta, nikainakili barua yako yote kwa mkono, na mkono wangu waujua unavyotetemeka. Nimeharibu karatasi tatu.

Sasa nakwenda kupanda feri, niifikishe mjini mwenyewe. Wakiikataa kwa mwandiko huu, mwanangu, niwie radhi.

Babako