Pini ya Tairi la Kushoto

Mdogo wangu mpendwa,

Sisi wazima, namshukuru Mungu. Mama anakohoa kidogo tu. Lile gari kuukuu la baba nimelipandisha juu ya mawe uani, naunda upya miguu ya mbele. Jana nilikuta boljointi ya kushoto, kile kiungo kinachoshika tairi, haina pini ya kuzuia nati isifunguke. Pini imo kwenye kopo la misumari, nilikoiweka mwenyewe siku ile nilipolitengeneza gari, nikakatisha kazi nikasali. Niliporudi nikafunga tairi tu, pini nikaisahau. Kesho yake uliendesha wewe, tairi likachomoka, baba akatutoka, nami nikakuita muuaji mbele ya waombolezaji.

Nimemwambia mama. Akasema, "Mwandikie mdogo wako kwanza, ndipo ule." Amekaa mlangoni ananitazama. Ukinisamehe, usiponisamehe, rudi nyumbani.

Kaka yako