Kikombe cha Ami Khalfan: Kumkumbuka Kamanda Thuwaini bin Hilal wa Sur

Baba, leo umetimia mwaka tangu tukulaze kwenye mchanga wa Sur, na viatu vyako vyeusi bado viko mlangoni. Mama hataki viguswe.

Miaka ishirini na sita uliwasaka maharamia baharini, lakini nyumbani ulimkimbia mende. Tulikucheka mno! Ukirudi doria, salamu yako ilikuwa moja: "Halwa imebaki, au mmeifagia?"

Hatuwezi kuisahau ile meli ya saruji. Maharamia waliiteka, na fundi wa injini ndani yake alikuwa Ami Khalfan, mdogo wako wa damu. Askari wako walitaka kufyatua risasi, ukakataa. Uliizingira siku tatu mpaka maharamia wakasalimu amri, na mabaharia wote kumi na mmoja wakatoka hai.

Kisha ukawamiminia kahawa wale maharamia, kwa mkono wako. Mkubwa wao hakujua desturi yetu, kwamba aliyetosheka hutikisa kikombe. Kila ukimimina, anakunywa, ananyoosha kikombe tena.

"Afande, huyu atamaliza dele zima la kahawa!" askari wako mmoja akalalamika.

"Hajatikisa kikombe. Nani kakwambia ametosheka?"

Ami alikuwa amesimama hapohapo, mgongo umevimba kwa kipigo cha mtu yuleyule. "Wallahi, Thuwaini, kahawa yako sinywi tena."

Na kweli hakuinywa, miaka tisa. Kila Ijumaa uliweka kikombe chake kwenye sinia, na kila Ijumaa Mama alikirudisha kabatini kikiwa kikavu. Tulikusihi umpigie simu, umwombe radhi. "Radhi ya nini? Ya kumpa mtu kahawa?" Mbishi wewe! Lakini mlango ukigongwa, wa kwanza kuinuka ni wewe.

Siku ya pili ya matanga, Ami alikuja. Alikaa mahali pako, akachukua kikombe chake. Mubarak, mwanao, akammiminia. Akanywa, akanyoosha mkono. Akamiminiwa tena, na tena, machozi yakimshuka ndevuni. Dele likaisha, kikombe hakijatikiswa, tukaleta jingine. Inatuuma sana, Baba, kwamba hukuiona siku ile.

Unakumbukwa na mkeo Zuwaina, wanao Rayya na Mubarak, na mdogo wako Khalfan, ambaye kila Ijumaa anaingia akiuliza kama kikombe chake kipo.

Kipo, Baba. Na chako kipo pembeni yake.

Hututoki moyoni, leo na siku zote.