Mabati Juu ya Mzinga

Jumapili, 2 Februari 2025

Joto. Hata kivuli kina joto! Nimekaa barazani tangu tulipotoka kanisani, kitabu kimefungwa pajani, nikitazama bustani inavyojitahidi kuishi. Kuku wamejilaza mchangani, mabawa wameyatandaza kama nguo zilizoanikwa. Ndege wawili, kuzumburu, wako kwenye mparachichi – midomo wazi, koo zikitetemeka, na mkia mrefu wa kila mmoja umening'inia. Kinyonga wa kwenye ua amepauka, karibu awe mweupe. Jua likisogea, naye anazunguka kijiti ili ajifiche nyuma yake. Nimesoma hoja nyingi za wanafalsafa kuhusu ustahimilivu. Hakuna iliyonishawishi kama hii ya kinyonga.

Baba alipita na panga. Akauliza kama miaka minne ya chuo kikuu ilikuwa ya kujifunza kutazama kuku. Nikamjibu kwamba kutazama ndiko mwanzo wa elimu yote.

"Basi kuja utazame hii panga ikikata."

Wageni kutoka Githongo watafika Jumamosi ya tarehe kumi na tano kuona boma letu. Kwa hiyo boma lazima lionekane kutoka barabarani! Tumekata matawi yote ya chini ya mti wa mgrevilea ulio uwanjani. Uwanja sasa ni mweupe kama sahani.

Jumanne, 4 Februari 2025

Tumemaliza matengenezo. Banda la kuku lina mabati mapya. Kipande kilichobaki baba alikiona kinafaa kufunika mzinga wa gogo, ule ulioning'inizwa kwenye mgrevilea. Nyasi kuukuu zilizokuwa juu yake tukazitupa. Wazo lilikuwa lake. Mikono ilikuwa yetu sote wawili. Mzinga unang'aa!

Mzinga huo si pambo. Mzee Mbaabu, baba yake mchumba wangu Kathambi, alitamka wazi: ng'ombe mnaweza kununua, kondoo mnaweza kununua, lakini asali ya mahari itoke kwenye mzinga wa nyumbani kwa kijana. Boma ambalo nyuki hawakai, binti yake naye hatakaa. Nilibishana naye kwa simu karibu saa nzima. Nilimwambia hoja hiyo haina mantiki. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Lakini nyuki wako?"

Wako, nikasema. Wako!

Ijumaa, 7 Februari 2025

Maji ya mradi huja kwenye laini yetu Jumatano tu. Siku nyingine mfereji hudondosha tone moja moja, na kwenye tone hilo nyuki wamejaa. Hunywa kwa zamu, wakaruka moja kwa moja hadi mzingani, wakarudi. Hawanywi kwa kiu yao pekee: wanapeleka maji ndani, wayapepee kwa mabawa, nyumba ipoe. Nani aliwafundisha?

Mama ameufunga mfereji kwa ukanda wa tyubu. Nimeufungua. Akaufunga. Nikamweleza umuhimu wa nyuki kwa mpangilio, hoja ya kwanza hadi ya mwisho.

"Nimeskia, baba. Sasa nikiumwa mkono, hoja gani itapika?"

Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la baba yake mzazi, Nyamu. Ndiyo sababu hawezi kunigombeza vizuri. Tumepatana: mfereji ufungwe, nami niweke beseni. Baada ya saa moja tu, nyuki kadhaa walikuwa wamezama. Nikatia mawe na vipande vya mgomba wasimame juu yake. Sasa hakuna anayezama. Jioni kuzumburu nao waligundua beseni. Mmoja akaoga bila aibu.

Jumatatu, 10 Februari 2025

Kuna jambo. Nyuki wametoka, wananing'inia chini ya mzinga kama ndevu nyeusi. Mlangoni wengine wamejipanga mstari, wakipepea kwa nguvu zote. Nilipanda ngazi nikagusa bati. Nilirudisha mkono upesi!

Kabla hatujakata matawi, mzinga ulikuwa kivulini mchana kutwa. Tumeuvua mwavuli, kisha tukauvika sufuria. Na haya yote ili wageni wapendezwe – wageni wanaokuja kuona nyuki!

Nilimwambia baba mabati yatoke leo. Akakataa kabisa. Mabati ni heshima, alisema. Watu wa Githongo wakute manyasi kana kwamba hatujaendelea? Nikauliza kama heshima ina nyuzijoto. Akasema nisimletee Kiswahili cha mitihani. Mama alikuwa akichambua maharagwe chini ya mparachichi, akasema bila kuinua kichwa:

"Ndambiri, hii nyumba yako ya mabati, mchana ni nani hukaa ndani?"

Baba akatazama nyumba. Hapakuwa na mtu ndani. Sote watatu tulikuwa nje.

Akasogea kivulini, karibu na mama. Lakini hakusema ndiyo.

Alhamisi, 13 Februari 2025

Bati limetoka! Jana alfajiri baba mwenyewe ndiye aliyenishikia ngazi. Tumefunika mzinga kwa majani makavu ya mgomba, juu yake gunia, na kwa upande wa magharibi tumesimamisha vijiti na turubai. Si pazuri. Nimesimama mbali, nikatazama – si pazuri hata kidogo.

Lakini leo ndevu zimepungua! Nusu, labda zaidi. Nimempigia Kathambi ofisini kwake mjini. Alicheka hadi wenzake wakamuuliza kuna nini. Kisha akasema polepole, "Nyamu, wasihame lakini. Si unajua vile baba yangu akishasema kitu."

Najua.

Jumamosi, 15 Februari 2025

Saa kumi na moja jioni. Wageni wangali hapa. Nimeingia kutafuta shati la mikono mirefu. Naandika nikiwa nimesimama.

Walifika kabla ya adhuhuri: Mzee Mbaabu, dada yake, na Kathambi, aliyemwonyesha dereva njia huku akijifanya hajawahi kufika kwetu. Tulikula. Tulicheka. Dada yake Mzee Mbaabu akauona mzinga.

"Wakwe, kwani mzinga wenu ni mgonjwa? Mbona mmeufunga bandeji?"

Nikajibu kwamba mzinga umevaa kulingana na jua. Ni sisi tuliovaa suti. Mzee Mbaabu alifurahi. Hapo baba akaeleza jinsi tulivyoyaondoa mabati makusudi, kwa sauti ya mtu aliyebuni wazo hilo tangu ujana wake. Nilinyamaza. Mimi!

Kisha, wakati wa chai – mvumo. Nyuki walitoka kwa pamoja, wingu zima, uwanja ukawa giza. Shangazi yake Kathambi alijifunika leso. Mzee Mbaabu, mwenye kudai asali, alikuwa wa kwanza kufika garini, vioo vyote juu. Akashusha kimoja, upana wa vidole viwili.

"Nyamu! Wanahama?"

Kila mtu alinigeukia. Ningeweza kusema mengi.

"Sijui, mzee."

Wametua kwenye tawi la mparachichi, bonge kubwa kama mtungi. Lakini mlangoni mwa mzinga kuna waliobaki, bado wanapepea! Baba analowesha gogo kwa maji. Wachache wanarudi. Wachache wanatoka. Dereva amewasha injini mara mbili na mara zote mbili Mzee Mbaabu amemwamuru azime: haondoki bila kujua.

Na Kathambi amevua viatu vyake vizuri. Amempokea baba yangu kopo, anapanda ngazi ananyunyiza gunia, nyuki wakimzunguka kichwa. Namwona kupitia dirisha hili.

"Kathambi! Rudi huku kwa gari!"

"Wacha niwangoje waingie, baba."

Kioo cha gari kimeshuka hadi mwisho. Mzee Mbaabu anamtazama binti yake. Hajamwita mara ya pili.

Shati liko wapi –