Baba, Mashine Imefunguliwa Mbele ya Watu

Baba yangu,

Assalamu alaikum, wewe na wote uliolala nao huko. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike, na ni leo tu nimepata moyo wa kushika kalamu. Mama hajambo. Bado yuko Ngara, ghorofa ile ile ya tatu, na bado anagombana na mwenye nyumba kuhusu maji. Kibanda chako cha kutengenezea cherehani hatujakifunga. Kila juma haikosi mteja mmoja anayekuja na cherehani mgongoni, hajui kwamba umeondoka. Mama ndiye anayemwambia, kisha anamkalisha, anampa maji ya kunywa. Anasema yule mgeni ndiye anayehitaji kupozwa, yeye kashazoea. Hajazoea, Baba. Lakini anajitahidi.

Nina habari ya kukupa, na nilitaka uisikie kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekukataza.

Mwanzo wake unaujua kuliko mimi. Hata hivyo niache niueleze nilivyokuja kuuelewa, maana ulipokuwa hai sikukusikiliza hadi mwisho hata siku moja.

Walipofungua chumba cha kamari chini ya jengo letu, hawakuwa na leseni ukutani wala popote. Walikuwa na mapazia mekundu na mashine sita za kutumbukiza sarafu. Mashine moja ikakwama. Wakakuita wewe, fundi wa jirani. Ukaifungua, ukakuta skrubu moja ya mlango imeanguka ndani, ukaweka nyingine ya cherehani kutoka kwenye kopo lako. Ukarudi juu ukala chakula cha mchana. Nakumbuka siku hiyo kwa sababu ulituambia ukicheka kwamba umetibu mgonjwa asiyekuwa wako.

Kisha ukaacha kucheka. Mafundi wa kushona wa jengo letu walianza kushinda kwenye mashine hizo na kuchelewesha kazi za watu. Yule jirani yako mshona suti, mtu aliyekuwa akikuamkia kila asubuhi, aliuza mkasi wake. Fundi kuuza mkasi! Ulilirudia neno hilo wiki nzima. Ukaenda ofisi ya leseni, afisa akakupa kiti na chai, akakuambia, "Mzee, hilo tuachie sisi." Ukawaachia. Siku chache baadaye ukamwona afisa huyo huyo mchana kweupe akitoka kwa mlango wa nyuma wa chumba cha kamari, na chifu wa mtaa nyuma yake.

Watu walipopiga kelele sana, lori lilikuja. Mashine zote sita zikabebwa mbele ya waandishi wa habari, na afisa akasema kwa sauti ya msiba kwamba zitachomwa. Ulinunua halua siku hiyo. Mimi nilikula vipande vitatu na sikuuliza tunasherehekea nini.

Halafu ndiyo ukaenda Dagoretti Corner kutengeneza cherehani ya Mama Wairimu, yule mama anayeshona sare za shule. Nyuma ya bucha iliyo karibu naye ukaona mashine mlango wazi, mwenyewe akichota sarafu. Ukaiona skrubu yako. Kitu kilichosemekana kimechomwa, kipo, kizima, kinafanya kazi. Na Mama Wairimu akakuambia, "Fundi, hiyo kitu imenimalizia bwana." Mume wake Ndegwa ni mpaka rangi wa nyumba. Alikuwa akilipwa Jumamosi, na ikifika Jumapili watoto wanakunywa chai kavu.

Ukaandika barua kwa tume inayosikiliza malalamiko dhidi ya watumishi wa serikali. Ukaniletea niipige chapa. Hapo ndipo nilipokuambia yale maneno. Nilikuambia, "Baba, nchi hii haitatengenezwa na fundi wa cherehani." Ukaikunja karatasi taratibu. Ukanijibu, "Sitengenezi nchi, Salma. Nasema nilichokiona." Ukaenda ukaiandika upya kwa mkono, peke yako.

Sikukukatalia kwa kukudharau. Niliogopa. Chifu alikuwa ameshapita kibandani mara mbili akiuliza kama una kibali cha kukaa pale. Niliona utafukuzwa, utapigwa, utaaibishwa uzeeni. Lakini hofu ya mtoto ikitoka mdomoni hufanana sana na dharau, na wewe hukuniuliza ni ipi kati ya hizo mbili. Kisha presha ikakupanda, na siku nne za wodini hazikutosha kusema chochote. Uliniuliza tu kama nimekula.

Barua ya tume ilikuja baada ya arobaini yako. Ilikuwa na jina lako, ikikuita shahidi. Niliifungua nikiwa na nia ya kuwajibu kwamba shahidi amefariki, basi, yaishe. Lakini walikuwa wameambatisha nakala ya maelezo yako. Nikasoma nikiwa nimesimama jikoni. Ulikuwa umeandika kila kitu: pazia, chai ya afisa, mlango wa nyuma, lori, bucha. Na chini kabisa, kabla ya sahihi: "Mashine hiyo niliitengeneza mimi mwenyewe bila kufikiri itafanya nini kwa watu. Kwa hilo naomba radhi kwa majirani zangu."

Baba, sikujua. Miezi yote ile nilidhani unawasema wakubwa. Kumbe ulianza na nafsi yako.

Nilikaa chini. Mama akaja akanikuta, akaisoma na yeye. Akasema, "Haya. Nani anakwenda?" Kana kwamba ni kwenda dukani.

Jumamosi nikaenda kwa Mama Wairimu. Nilijiandaa kumbembeleza. Alikuwa akikata kitambaa cha sare, hakuinua kichwa. "Fundi aliniambia ningoje, ataniita," akasema. "Nimengoja. Alivyokufa nikasema basi, imeisha. Sasa wewe umekuja. Ni siku gani?" Nikamtajia. Akaiandika kwa chaki ukutani, juu ya vipimo vya wateja.

Utacheka ukijua tume hiyo iko wapi. Iko Hurlingham, mkabala na duka la miwani ninakofanya kazi. Miaka sita nimepita mlangoni pale nikienda kununua chakula cha mchana, sijawahi kusoma kibao.

Ukumbi ulikuwa mdogo. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye sauti ya chini, mtu wa kumtegea masikio. Afisa wa leseni alikuja na suti nzuri na hati yenye mhuri kwamba mashine zote sita zilichomwa. Chifu alikaa nyuma yake akiangalia viatu. Na katikati ya ukumbi, juu ya meza, ilikuwepo ile mashine. Wachunguzi wa tume walikuwa wameichukua Dagoretti Corner wakifuata maelezo yako.

Mama Wairimu alisema kwanza. Alisimulia habari za Ndegwa bila kulia, na Ndegwa mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa pili, amevaa shati lililopigwa pasi. Hilo sikulitegemea. Alikuja kusikiliza aibu yake ikisemwa hadharani, na hakutoka nje.

Nikaitwa mimi. Nikathibitisha mwandiko wako. Afisa akasimama akasema mashine hizi zote zinafanana, ziko nyingi mjini, na marehemu alikuwa mzee, pengine macho yalimdanganya. Mwenyekiti akaniuliza, "Baba yako aliandika kuna alama gani ndani?" Nikasoma ulivyoandika: upande wa kushoto wa mlango, bawaba ya chini, skrubu ya cherehani, kichwa chake umekikata kwa tupa upande mmoja ili iingie. Mwenyekiti akasema, "Ifunguliwe."

Ufunguo haukuwepo. Mtu akasema bati la nyuma linaweza kufunguliwa, kinachotakiwa ni bisibisi. Jengo zima la serikali halikuwa na bisibisi, Baba. Karani alitoka, akarudi na kisu cha jikoni. Mwenyekiti akakitazama kile kisu, akakataa, akamtuma dukani.

Tukangoja. Afisa akanisogelea pale nilipokaa, akainama kama mtu anayetoa pole. "Dada, mzee alikuwa mtu mzuri," akasema. "Kwa nini tusimwache apumzike?"

Nilimjibu, "Hapumziki. Anangoja bisibisi."

Sijui nilipata wapi maneno hayo. Mama Wairimu alicheka hadi akafunika mdomo kwa leso, na afisa akarudi kitini kwake.

Bisibisi ikaja. Bati likatolewa, mchunguzi akaingiza tochi na mkono. Akaifungua ile skrubu, akaitoa, akaiweka juu ya karatasi nyeupe, akampelekea mwenyekiti. Ilikuwa imekatwa upande mmoja. Mwenyekiti akaitazama, akaitazama ile hati yenye mhuri, akamuuliza afisa swali moja tu: "Sasa hii ilichomwa wapi?"

Aliyejibu ni chifu. Alisimama bila kuitwa, akasema ni kweli, mashine hazikufika motoni, ziligawanywa mitaa mingine usiku ule ule, na yeye alijua. Sauti ilikuwa ikimkatika. Nilikuwa nimemchukia mtu yule kwa mwaka mzima, na bado sijamsamehe, lakini siku ile nilimwona ni mtu.

Haya ndiyo yaliyofuata. Wote wawili wamesimamishwa kazi, na faili yao imepelekwa kwa waendesha mashtaka. Nilidhani watahamishiwa wilaya nyingine kama ilivyo desturi, tukasikia wanakunywa chai kwingine. Mwenyekiti alilisema mwenyewe: kumhamisha mtu si kumwajibisha. Ameagiza pia orodha ya wenye leseni za michezo ya kamari ibandikwe ubaoni kwenye ofisi ya kila chifu, na mashine zikikamatwa ziharibiwe wananchi wakishuhudia.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Wapo waliokuwa juu ya afisa ambao majina yao hayajatajwa. Na vyumba vingine bado vina mapazia. Lakini Ngara watu wameanza kuuliza. Wiki iliyopita kuna kijana alitaka kupanga duka la chini ya jengo letu, na kabla hajaweka hata meza, Mama aliteremka ngazi zote tatu na goti lake bovu akamwomba leseni. Ni muuza vikombe, maskini. Mama amenunua vinne kwa kuona haya.

Ndegwa anapaka rangi. Mshahara wake sasa unapokelewa na mkewe, kwa mapatano yao wenyewe. Siku nyingine huanguka akacheza tena, Mama Wairimu hanifichi. Juzi alipotea mchana kutwa. Lakini alirudi na kusema alikokuwa, na zamani hakuwa akisema. Yule jirani yako wa suti amenunua mkasi. Alikuja kuuonyesha kibandani, akakuta kimya, akamwonyesha Mama.

Na mimi nimejifunza kusoma vibao vya ofisi ninazopita.

Baba, niliwaza sana nikuombe radhi vipi. Naona nisirembe. Nilikosea. Ulikuwa hujipi ukubwa wowote, ulikuwa unasema ulichokiona, na mimi nikakuzuia kwa sababu nilipenda uwe hai kuliko uwe mkweli. Nimekikosa kile nilichokitaka zaidi. Hiki kilichobaki, ukweli wako, nitakitunza.

Kesi yenyewe itasikilizwa mahakamani, na huko kutakuwa na wakili atakayeniuliza maswali ya kunichanganya. Mama Wairimu ameshaniambia nitavaa nini. Nimepata wito wangu, jina langu limeandikwa sawasawa, na safari hii siendi kusoma maneno yako. Nitasema yale niliyoyaona kwa macho yangu pale ukumbini: mkono ukiingia ndani ya mashine, na skrubu yako ikitoka. Nitayasema yote, hata nikiogopa.

Mungu akuweke mahali pema, Baba. Nimekula.

Mwanao,
Salma