Tuzo ya Harusini

Jumatano, 6 Juni 1973
Nimeswali alasiri, nimetoa gramafoni. Dada Mize kazungusha mpini, mimi nimebadili sindano. Ndiyo kazi yetu tangu nistaafu kufua shuka za hospitali. Mume wetu alituachia nyumba hii na santuri zake. Watu hushangaa wake wenza kukaa hivi baada ya mume kufa. Hata mimi hushangaa. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 9 Juni
Harusi mtaa wa pili. Taarabu ya wanawake, uani. Ukaja wimbo ule. Mwanangu Zuhura alikuwa akiuimba huku akisuka ukili, kabla homa haijamchukua. Miaka kumi sijausikia. Miguu ikainuka yenyewe. Nikamwendea mwimbaji, nikamtunza noti, machozi yananitoka. Maneno sikuyasikia. Nilimsikia mtoto.

Nyuma yangu mtu akacheka: "Haya Mize, leo umepewa zako."

Hapo ndipo nikausikia ubeti. Mti usiozaa, kivuli chake cha nini. Na Dada Mize hakujaaliwa kuzaa. Kwetu anayeinuka kutunza kwenye ubeti, huo ubeti ni wake, anamrushia mtu. Kila aliyekuwepo anajua hivyo. Nilipogeuka, nafasi yake mkekani tupu.

Jumapili, 10 Juni
Kaitikia salamu yangu, basi. Nadhani kwa sababu kuitikia ni faradhi. Nilitaka kumweleza. Nikaanza, jina la Zuhura nisiweze kulitaja. Mjinga mimi.

Jumanne, 12 Juni
Kaondoka. Kachukua kibweta chake na mto, kaenda Mlingotini kwa kaka yake. Kisimani mwanamke mmoja kaniambia, "Umemweza, shoga." Ananipongeza! Nimerudi na ndoo nusu.

Ijumaa, 15 Juni
Sala zote naomba msamaha. Moyo haukai. Tulifundishwa chuo cha Kurani tangu wadogo: haki ya mtu Mungu haisamehe, mpaka mwenyewe akusamehe. Kesho naenda.

Jumamosi, 16 Juni
Nimemkuta anapara samaki nyuma ya nyumba. Shikamoo yangu kaiitikia bila kuinua uso. Nikamweleza yote. Zuhura, ukili, homa. Nikamwapia kwamba ule ubeti sikuusikia.

Kisu kikasimama. "Ubeti nimeuzoea. Nimerushiwa na wengi kabla yako."

Sikuelewa. Nikamuuliza, sasa kilichokuuma nini?

"Wimbo ule nani alimfundisha Zuhura?"

Ni yeye. Mimi nilikuwa hospitali nafua, yeye yuko nyumbani na mtoto.

"Nami nilikuwa nalia pale mkekani," kasema. "Nikajua mwenzangu atanishika mkono, twende tukamtunzie mtoto wetu. Ukaenda peke yako."

Siku zile zote nilikuwa najuta kosa ambalo silo.

Amenisamehe. Kwa ajili ya Mungu, kasema. Habari ya kurudi hakuisema, nami sikuthubutu kuuliza. Kanifungia samaki wawili katika jani.

Alhamisi, 21 Juni
Manyunyu tangu asubuhi. Sijatoka. Baada ya magharibi nimemsomea Zuhura Yasini, kama kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Miaka yote nikiomba dua husema mwanangu. Leo nimesema mwanetu. Nimeitikia amina mwenyewe, hakukuwa na mwingine.