Pua ya Ndege Ambayo Hukuiona

Babu,

Nimekaa kwenye kibao chako cha kazi, barazani, kwa sababu ndani kumejaa wageni. Kesho ni arobaini yako. Kisu chako kiko mapajani mwangu, na ile ndege ya mti uliyokuwa ukiichonga, uliyoiacha na bawa moja, iko mbele yangu.

Wameamua, Babu. Baba mkubwa amesema hitima ya kesho isomwe kwa ajili yako na kwa ajili ya shangazi Zaina pamoja. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, macho mekundu, akasema, "Tulingoja mpaka mwenye alikuwa anangoja na yeye amekufa. Tuache Mama apumuzike."

Hukumruhusu mtu yeyote kumwombea Zaina kama maiti. Sasa hupo, na mimi ni mtoto wa shule, nani atanisikiliza?

Nimekuwa nikijisimulia habari yake jinsi ulivyonisimulia, nisije nikaipoteza. Ilikuwa wakati wa vita, njia zote za kutoka Kindu zimekatika, treni haiji, boti haziendi. Wewe ulikuwa mpakizi wa mizigo uwanja wa ndege. Zaina, binti yako, alikuwa mtoto mdogo, mguu wake umepasuliwa na chuma cha bomu, na dawa zilikuwa zimekwisha mjini. Ndege ya jeshi ilitua kuchukua majeruhi. Ukampandisha kwa mlango wa nyuma, ule unaoshuka kama daraja, ukamlaza juu ya magunia. Askari akakusukuma kifuani taratibu. "Muzee, nafasi iko ya mutoto tu." Mlango ukapanda. Wengine walisema ilikwenda Goma, wengine Kinshasa. Hakuna aliyerudi kukuambia.

Ndipo ukaanza kuchonga mifano ya ndege ile. Mti ule mwepesi unaoota kwenye mashamba yaliyoachwa, magurudumu ya ndara kuukuu, mapanga ya kuzunguka ya bati la kopo la sadini. Hukuuza hata moja. Kila ndege ulimpa msafiri, wa boti au wa treni, na ndani yake ulilaza mtoto wa kijiti, umemfunika kipande cha kitenge cha manjano ulichokata kwenye gauni la Zaina. Ukawaagiza wote maneno yaleyale: ukikutana na mwanamke anayechechemea, muonyeshe mkia kwanza. Na mlango wa nyuma hukuufunga kamwe. Nilipokuwa mdogo niliufunga nikicheza, ukaufungua tena bila kunigombeza.

Wiki iliyopita yule nahodha wa boti aliyekuja kukuzika alirudi na ndege uliyompa zamani. Aliiweka mkekani kama mtu anayerudisha sahani. Alisema ameizungusha kila bandari ya mto Lualaba anayoifikia, na watu wanaozijua ndege wanamcheka, wanasema hakuna ndege yenye uso huu. Watoto wa jirani nao wakacheka: "Ndeke gani hii, iko na uso ya samaki."

Babu, wanasema kweli. Mwalimu wetu wa jiografia alinionyesha picha ya ndege ya jeshi ya namna ile. Pua yake ni ya vioo, kama kandili kubwa, na mwongoza njia, anayekaa chini ya rubani, anaonekana ndani. Ya kwako ni ya mviringo tu, kama kokwa. Niliumia sana. Nikawaza kwamba pengine Zaina yuko mahali fulani, ndege imepita mbele yake sokoni, naye hakuitambua kwa sababu ya pua. Leo mchana nimechukua kisu niirekebishe hii ya mwisho. Nimekiweka kwenye mti, nikashindwa kukata. Sijui kwa nini. Siwezi hata kuuona uso wa shangazi, sina picha yake, nina kijiti tu. Ninaogopa, Babu. Ninaogopa kwamba kesho jina lake likishasomwa, hata mimi nitaamini.

Babu, nimerudi. Hitima imesomwa.

Wanaume walikaa uani, na Bibi, kwa kuwa yuko edani, alikuwa nyuma ya pazia. Mwalimu wa msikiti aliuliza majina ya marehemu, na kwa desturi yetu anayeyatoa ni mwenye msiba mwenyewe. Baba mkubwa akanituma mimi nikayachukue kwa Bibi.

Niliingia. Bibi alikuwa amekaa ameegemea ukuta. Akanivuta, akasema sikioni, "Peleka jina ya babu yako." Nikangoja la pili. Nilisikia uani wanakohoa, wanangoja. Bibi akaniachia, akasema, "Ni hilo tu. Enda."

Nikatoka nikamtajia mwalimu jina moja. Baba mkubwa alinitazama, akatazama pazia, kisha akainamisha kichwa na kufungua juzuu yake.

Baadaye Bibi aliniita akanipa kilichobaki cha gauni la manjano. Ni kidogo, Babu, kama kiganja changu. Aliniambia ulipomrudia kutoka uwanjani siku ile, alikuuliza ndege ilikuwaje, nawe ukamjibu, "Niliionaka mugongo tu."

Hapo nikaelewa kwa nini kisu kilikataa. Zaina naye aliingia kwa nyuma, amelazwa. Hiyo pua hakuiona hata yeye. Wanaocheka hawakumbuki ndege hiyo; wanakumbuka picha. Anayeikumbuka kwa mkia ni mtu mmoja tu duniani, kama bado yuko duniani.

Lala salama, Babu. Pua nitaiacha kama ulivyoichonga. Bawa la pili nitalimaliza kabla boti haijashuka mto, na nahodha amekubali kuichukua hii badala ya ile aliyoirudisha. Amenung'unika, lakini amekubali. Mlango utakuwa wazi. Ila nitaongeza kitu ambacho wewe hukuweza kukiona, kwa kuwa ulikuwa wewe mwenyewe: mtu wa kijiti, chini, mbele ya mlango, amesimama anaangalia juu. Ninaamini Zaina alikuwa akikutazama mpaka mlango ulipokuficha.

Mjukuu wako,
Mwajuma